Norwei Mbili

Nilizaliwa Haydom, Mbulu, katika hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei mwaka 1955. Mama alitoka Katesh, Hanang, kunifuata huko. Kwetu Norwei ilikuwa dawa na Biblia.

Chuoni nikaifahamu Mayhem, bendi ya Norwei ya bleki metali, roki ya mayowe na giza, iliyoanza 1984. Mwimbaji alijiua 1991. Mpiga gitaa, Euronymous, aliuawa 1993 na Varg Vikernes, aliyewapigia besi. Vikernes alihukumiwa pia kwa kuchoma makanisa. Albamu iliyotoka 1994 ina magitaa ya wote wawili, muuaji na marehemu. Bendi ingalipo.

Nilimsimulia mama. Alinyamaza, kisha akauliza: “Kumbe walituletea kitu ambacho watoto wao wamekichoka?”

Bado natafuta jibu la kumpa.