Vitabu vya dini na vya kutengeneza nafsi: Mwislamu wa Katana anasoma nini?

Katana iko kando ya ziwa Kivu, katika eneo la Kabare, karibu kilomita 50 kaskazini mwa Bukavu. Wakaaji wengi ni Wakatoliki, na nyumbani wengi wanaongea Mashi. Kwa hiyo Mwislamu wa huko anayetafuta buku ya dini yake anakutana na lugha tatu ambazo si za kuzaliwa nazo: Kiarabu cha sala, Kifaransa cha shule na Kiswahili cha pwani. Hicho cha tatu ndicho anaelewa haraka, ijapokuwa si kile cha sokoni Bukavu. Anakuta neno kama "aghalabu" na inabidi aulize mtu (maana yake ni "mara nyingi").

Uislamu uliingia mashariki mwa Kongo karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, waliofika hadi Nyangwe na Kasongo, katika Maniema. Kiswahili kilikuja nao, lakini vitabu vilichelewa sana. Tena tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili, ya 1923, ilifanywa na Mkristo: padri wa Kianglikana Godfrey Dale, aliyekuwa mmisionari Zanzibar. Ya pili, ya 1953, ilitoka kwa Waahmadiyya, na ikaleta mabishano makali. Ndipo Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar (1912–1982) akatoa yake, iliyochapwa kamili Nairobi mwaka 1969. Hiyo ndiyo Wasuni wengi wa Afrika Mashariki wanaizoea hadi leo.

Kuhusu kujitengeneza, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alitangulia. Alianzisha gazeti Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932; jina hilo lenyewe maana yake ni matengenezo. Hakuwapamba wasomaji wake. Aliwaambia wasome, wafanye kazi, waache kumaliza pesa kwa sherehe.

Vitabu vinavyosomwa sana sasa ulimwenguni ni vya aina nyingine. Usihuzunike (La Tahzan), cha Aidh al-Qarni wa Saudi Arabia, kipo kwa Kifaransa pia. Ni vipande vifupi vifupi. Mtu aliyefiwa ao aliyekimbia vita anaweza kufungua popote na kusoma kurasa mbili usiku. Kabla yake, Mmisri Muhammad al-Ghazali (1917–1996) aliandika Jaddid Hayatak, yaani "Fanya upya maisha yako", akijibu kitabu cha Mmarekani Dale Carnegie juu ya kuacha wasiwasi: alichukua mashauri ya Carnegie moja moja na kuonyesha kwamba Uislamu ulikuwa nayo tayari.

Asichanganywe na Abu Hamid al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111. Huyu wa zamani alikuwa mwalimu mwenye sifa kubwa Baghdad. Mwaka 1095 alijichunguza, akaona anafundisha kwa kutafuta jina. Ulimi ukakataa, hakuweza kufundisha tena, akaacha kazi na mali akaenda Damasko. Kitabu chake kikubwa, Ihya, kina sehemu 40, na robo nzima inahusu magonjwa ya moyo: hasira, husuda, kupenda cheo, kufanya ibada ili watu waone. Hapo ndipo tofauti ilipo. Vitabu vya siku hizi vinamtuliza msomaji. Ihya inaanza kwa kumshuku. Kwa mwenye majonzi, La Tahzan inafaa kwanza. Kwa mwenye kupanda cheo, hapana.

Anayeanza anaweza kushika Arobaini ya Imamu Nawawi (aliyekufa 1277), buku ndogo na ya bei nafuu. Inaitwa hivyo, lakini hadithi zake ni 42. Na kwa vitabu vinavyotumwa kwa simu, aangalie kwanza kama jina la mtafsiri limeandikwa. Kama halipo, amuonyeshe imamu kabla ya kuwatumia wengine.