Zabibu Zilizooza na Divai ya Altareni



Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 924, yadai kwamba divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Wengi wetu huku Murongo hatujapata kuuona mzabibu. Shamba tulijualo ni la migomba na mibuni. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukamua ndizi ataielewa shida hii: je, divai ya zabibu zilizokwisha kuoza, tena zilizoachwa zioze kwa makusudi, yaweza kuwekwa altareni? Divai ya namna hiyo ipo, nayo huuzwa kwa bei kubwa sana. Tuitazame historia yake, maana watu wa Kanisa wamo ndani yake.

Kinachoziozesha ni kuvu iitwayo na wataalamu Botrytis cinerea. Kuvu hii ina sura mbili. Mvua ikizidi, hukifunika kichala kizima kwa ukungu wa kijivu, na mavuno huwa yamepotea. Lakini mahali penye umande na ukungu wa asubuhi, kisha jua na upepo wa mchana, kuvu ileile hutoboa ganda la tunda vitundu vidogo mno. Maji hutoka na kukauka, tunda husinyaa, na sukari hubaki ndani. Wafaransa na Wajerumani, kila mmoja kwa lugha yake, wakauita uozo wa kiungwana. Huko Sauternes, kusini mwa Bordeaux, ukungu huo huzaliwa pale maji baridi ya mto Ciron yanapokutana na maji yenye joto zaidi ya Garonne. Anayeamka mapema na kuutazama mto Kagera kuelekea Kikagati hahitaji kuelezwa sana jinsi ukungu unavyokaa juu ya maji. Wavunaji hupita shambani mara nyingi, wakichagua zile tu zilizooza inavyotakiwa. Katika shamba la Château d'Yquem, lililowekwa peke yake katika daraja la juu wakati wa upangaji wa mwaka 1855, husemwa kwamba mzabibu mmoja hutoa glasi moja tu. Chachu nayo hushindwa kuimaliza sukari yote, hivyo divai hubaki tamu bila mtu kuongeza kitu.

Nani aligundua? Wahungari wa Tokaj husimulia juu ya mhubiri wa Kikalvini, Szepsi Laczkó Máté, ambaye mnamo 1630 mavuno yake yalichelewa kwa hofu ya vita. Ni hadithi nzuri, ila hati ya mwaka 1571 tayari yaitaja divai hiyo ya aszú. Wajerumani nao wana yao, na hii yatuhusu zaidi. Shamba la Johannisberg, lililoanzishwa na wamonaki Wabenedikto, lilikuwa katika karne ya 18 mali ya mtawala wa Fulda, ambaye baadaye alikuwa askofu pia. Hapakuvunwa mpaka yeye atoe ruhusa. Mwaka 1775, yasimuliwa, mjumbe aliyetumwa Fulda alichelewa kurudi, na alipofika zabibu zilikuwa zimeoza. Zikakamuliwa hivyohivyo, na divai ikawashangaza walioionja. Kwa nini mjumbe alichelewa, kila msimulizi ana lake, nasi hatuoni haja ya kuchagua. Jambo lililo wazi ni kwamba kibali kilichosubiriwa kutoka mbali kiliharibu ratiba ya mavuno, jambo ambalo wakulima wetu wa kahawa hawatalishangaa.

Turudi kwenye swali. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba siki haifai kwa sakramenti kwa kuwa ni divai iliyoharibika na kuacha kuwa divai. Maji ya zabibu mbichi hayafai kwa kuwa bado hayajawa divai. Kipimo chake, basi, ni kile kilichomo kikombeni. Tunda lililosinyaa kwa kuvu bado ni tunda la mzabibu, na divai yake ni divai kamili. Kwa maoni yetu yaweza kutumika kihalali, ingawa parokia itakayoinunua kwa bei ile itakuwa na maswali ya kujibu mbele ya kamati ya fedha. Si kila uozo wenye uungwana: mnyauko wa migomba, ulioripotiwa mkoani Kagera mwaka 2006, huivisha ndizi kabla ya wakati na kuziozesha ndani, zisifae kwa chakula wala kwa pombe.

Utamu ulikuwa na faida nyingine. Wamisionari wa Afrika, waliofika Kashozi mwaka 1892, walitegemea divai iliyosafiri kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, kwenye joto, na divai dhaifu hugeuka siki njiani. Mwaka 1896 Roma iliruhusu divai tamu za Misa ziongezwe pombe kali, mradi nayo itokane na zabibu na jumla isizidi asilimia 18. Rubisi, ambayo mababu zetu waliijua vema, haikupata nafasi hiyo. Wanateolojia kadhaa wa Afrika waliuliza kwa nini, na swali lao halikuwa la kipuuzi; lakini hata Misale iliyokubaliwa kwa majimbo ya Zaire mwaka 1988, yenye nyimbo na ishara nyingi za Kiafrika, iliacha mkate wa ngano na divai ya mzabibu palepale.

Mzabibu wenyewe ulifika kwetu baadaye. Katika karne ya 20 wamisionari Wakatoliki waliupanda Dodoma, eneo la Bihawana likitajwa miongoni mwa ya kwanza, na leo kilimo hicho kiko mikononi mwa wakulima wengi wadogo. Miongoni mwa zabibu nyeupe za huko imo Chenin Blanc, ambayo katika bonde la mto Loire, Ufaransa, hutoa divai tamu kwa uozo huohuo wa kiungwana. Dodoma ni kavu, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Ule ukungu wa kila asubuhi wa kuiamsha kuvu haupo. Ukungu uko huku kwetu, mtoni, ambako hakuna mizabibu.