Kamera Iliyoundwa kwa Baridi ya Novemba

Nilipochomeka memori kadi ya kwanza, kompyuta ilisema kuna picha 4,112. Nikapiga kelele ya furaha mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja mbio. Tukakaa kuangalia. Picha ya kwanza, nyasi. Ya pili, nyasi. Ya mia tatu, nyasi na kivuli cha wingu. Kufikia saa nane usiku tulikuwa tumepata ngedere wawili, nguruwe pori mmoja aliyeonekana makalio tu, na mimi mwenyewe nikiondoka baada ya kuifunga kamera kwenye mti.

Kamera yenyewe niliinunua kwa hela yangu, kwa sababu bajeti ya utafiti wa shahada ya uzamili mnaijua ilivyo. Ilikuwa ya bei ya chini kabisa, na nikaitukana vya kutosha. Baadaye nilianza kusoma imetoka wapi, nikaona kwamba sehemu ya kosa ni langu. Kamera ile haikuundwa kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya wanyama wa Morogoro saa saba mchana. Iliundwa kwa ajili ya mtu anayewinda kulungu Marekani kwenye baridi ya Novemba.

Hapa niweke jambo moja sawa kabla wataalamu wa wanyamapori hawajaniandama. Tukisema kulungu huku kwetu, mtu anafikiria pongo na jamaa zake, wenye pembe za kudumu maisha yote. Kulungu wa Marekani ni ukoo mwingine kabisa. Dume lake huota pembe zenye matawi, huzidondosha kila mwaka, kisha huota nyingine. Ninayemzungumzia ni yule mwenye mkia mweupe kwa chini, ambaye akishtuka huuinua juu kama kitambaa.

Mtu wa kwanza kumtega kulungu huyu kwa kamera kwa mafanikio alikuwa mwanasheria, George Shiras wa Tatu, aliyezaliwa mwaka 1859 na baadaye akaingia kwenye Bunge la Marekani. Likizo zake alizitumia kwenye ziwa la Whitefish, kaskazini mwa Michigan, akiwinda. Huko wenyeji wa Ojibwe walikuwa na mbinu ya kuwinda usiku kwa mtumbwi: unaweka moto au taa mbele, unapiga kasia kimya kimya, na kulungu aliyekuja kunywa maji anaduwaa akiutazama mwanga huku macho yake yaking'aa gizani. Shiras aliichukua mbinu hiyo kama ilivyo, ila mahali pa bunduki akaweka kamera.

Shida ikawa mwanga. Kupiga picha usiku zama zile ulihitaji kulipua unga wa magnesiamu, na nasema kulipua kwa maana halisi: mlipuko mweupe, moshi mzito, na nyusi za mpiga picha ziko hatarini. Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu sisi. Shiras alianza kufunga kamera ufukweni na kutandaza uzi, mara nyingine uzi wenyewe ukiwa umefungwa kwenye chambo. Mnyama akivuta au kukanyaga, unga unalipuka na picha inapigwa, na mwenye kamera yuko zake kambini. Picha zake za usiku zilipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha 74 kati ya picha zake, na inasimuliwa kwamba wajumbe wawili wa bodi waliachia ngazi kwa hasira, wakiona jarida la kisayansi linageuzwa kitabu cha picha. Shiras mwenyewe aliiacha bunduki.

Miaka hiyohiyo jambo lilelile lilikuwa likifanyika hapa kwetu. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka maeneo ya Kilimanjaro na nyika ya Wamasai, wakati huo yakiwa chini ya Ujerumani, akiwa na kamera, unga wa kulipua na wapagazi wa kubeba mzigo wote huo. Alipiga picha za simba usiku wakirukia chambo hai, akazichapisha mwaka 1905 katika kitabu chake Mit Blitzlicht und Büchse, yaani mwanga wa mlipuko na bunduki. Tofauti na Shiras, yeye bunduki hakuiacha. Aliua wanyama wengi mno, na jina la kitabu halimfichi. Majina ya waliobeba vyombo vile vizito hadi porini ni nadra kuyakuta kwenye simulizi hizi, na mimi hilo linanikera kila ninapozisoma.

Kwa hiyo mtego wa kamera una zaidi ya miaka mia. Swali ni kwa nini ulichukua karibu karne nzima kuwa kitu ambacho mwanafunzi anaweza kununua. Jibu linarudi kwa kulungu.

Mwishoni mwa karne ya 19 kulungu mkia-mweupe alikuwa karibu kwisha. Aliwindwa kwa ajili ya soko la nyama na ngozi bila kikomo, na inakadiriwa Marekani nzima walibaki kama nusu milioni tu, pengine pungufu. Zikaja sheria: msimu wa kuwinda, leseni, marufuku ya biashara ya nyama pori. Mashamba mengi yaliyotelekezwa yakageuka vichaka, chakula kizuri cha kulungu. Leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30. Pamoja nao wapo wawindaji mamilioni, wengi wao watu wa kawaida kabisa, mafundi, walimu, madereva, wenye siku chache za likizo kwa mwaka. Michigan, kwa mfano, msimu wa bunduki huanza Novemba 15 na kwisha Novemba 30. Mtu mwenye wiki mbili tu hana muda wa kukaa chini ya mti asio na uhakika nao. Anataka kujua: kulungu wanapita njia hii? Saa ngapi? Dume mkubwa yupo?

Kifaa cha mwanzo cha kujibu swali hilo hakikuwa kamera hata kidogo. Ilikuwa saa ndogo yenye uzi. Unatandaza uzi njiani, mnyama akiukata saa inasimama, nawe ukirudi unasoma muda. Rahisi na nafuu, lakini haikuambii aliyepita ni kulungu, ng'ombe wa jirani au jirani mwenyewe. Ndipo katika miaka ya 1980 na 1990 vikaja vifaa vya mionzi ya infraredi vilivyounganishwa na kamera za kawaida za filamu ndani ya boksi lisilopitisha maji. Filamu ilikuwa na picha 24 au 36. Upepo ukitikisa tawi asubuhi moja, mkanda umekwisha, na kusafisha unalipia vilevile. Mimi na nyasi zangu 4,112 angalau sikulipia kila jani.

Wanasayansi waliingia kupitia mlango huo. Ullas Karanth, mtafiti wa India, alichapisha mwaka 1995 namna ya kukadiria idadi ya chui-milia wa Nagarahole kwa picha za kamera za mtego, kwa kuwa michoro ya mistari ya kila mmoja ni kama alama za vidole. Lakini soko la watafiti ni dogo sana. Kiwanda hakiwezi kuishi kwa kutegemea watu wachache wanaosoma chui-milia. Kilichoshusha bei ni yule dereva wa Michigan na wenzake. Baada ya mwaka 2000 kamera za kidijitali zilipoingia, viwanda vikaanza kugombea pochi yake, na leo kuna kamera nyingi za chini ya dola 100. Sisi wa sayansi tumepanda lifti ya mwindaji.

Ila ukipanda lifti ya mtu, unashuka anaposhuka yeye. Kamera hizi nyingi hutumia kihisi kinachosubiri tofauti ya joto inayosogea. Mbele yake kuna kipande cha plastiki chenye mistari, kinachogawanya eneo la mbele katika vipande. Mwili wenye joto ukitoka kipande kimoja kwenda kingine, kihisi kinapata badiliko la ghafla na kamera inafyatuka. Kulungu wa Novemba, mwili wake wa moto na nyuma yake msitu baridi, anaonekana kama kaa la moto gizani. Sasa weka kamera hiyohiyo kwenye nyika yetu mchana wa Februari. Ardhi na majani vina joto sawa na ngozi ya mnyama, au kuzidi. Mnyama anapita na kihisi hakioni kitu. Halafu jua linachoma nyasi ndefu, upepo unazipeperusha, na hizo ndizo zinazosogea zikiwa na joto. Nyasi, nyasi, nyasi.

Na si mimi peke yangu. Mradi wa Snapshot Serengeti ulianza mwaka 2010 na ukafikia kamera 225. Kati ya picha zake milioni 3.2, takriban robo tatu hazina mnyama yeyote. Waliokoka kwa sababu maelfu ya watu wa kujitolea duniani walikaa kuzichambua. Mimi nilikuwa na jirani mmoja wa maabara na chupa ya chai.

Hivyo anayetafuta kamera nafuu na ya kuaminika, awe mwindaji wa Michigan au mwanafunzi wa Morogoro, asianze na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Megapikseli nyingi za kamera za bei chee ni za kukuzwa na programu, picha inavimba bila kuongeza chochote. Mimi ningeuliza kwanza kasi ya kufyatuka: ikizidi sekunde moja utapata mikia, au makalio ya nguruwe. Pili betri. Betri za kawaida hupoteza nguvu taratibu na picha za usiku ndizo zinazokufa kwanza. Za lithiamu ni ghali dukani lakini hustahimili baridi na hudumu. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na baadhi ya kamera nafuu huziona zimeisha wakati ziko nusu. Tatu, mwanga wa usiku: taa za nanomita 850 hufika mbali ila huonyesha wekundu hafifu, za 940 karibu hazionekani ila hufika karibu. Na kimo cha kufunga. Maelekezo huandikwa kwa kifua cha kulungu. Mwaka 2005 kamera kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, ilimnasa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama wa gramu 700 hivi aliyekuja kutangazwa spishi mpya mwaka 2008. Kimo cha kulungu kingeweza kumpita juu ya kichwa.

Huko kwao nako mambo yamebadilika. Kamera mpya hutuma picha kwa mtandao wa simu papo hapo, na hapo wawindaji wenyewe wamegawanyika. Arizona, jimbo kame ambako wanyama hulazimika kuja kwenye visima vichache, ilipiga marufuku kamera hizi kusaidia uwindaji kuanzia Januari 1, 2022. Hoja ni kwamba mnyama lazima abaki na nafasi ya kukwepa. Naielewa, ingawa kibinafsi nina wasiwasi mwingine: majimbo mengine yakifuata na soko likisinyaa, nani atatutengenezea kamera za dola 80?

Kwa sasa yangu nimeishusha hadi sentimita 35 kutoka ardhini, nimeigeuza isitazame jua la mchana, na nimefyeka nyasi mita tatu mbele yake. Kadi ya mwezi uliopita ilikuwa na picha 260. Nyasi bado zimo. Lakini namba 114 ni funo, mzima kuanzia pua hadi mkia, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, baridi ikiwa bado ipo.