Treni ya dizeli Korogwe na reli ya Handeni tuliyoisahau

Wadau, Desemba 2019 nilikesha stesheni ya Korogwe nikiisubiri treni ya abiria ya Dar–Moshi, iliyokuwa imerudi baada ya kutoweka kwa zaidi ya miaka 20. (Mbu wa Korogwe hawana huruma, jamani!)

Wajerumani walianza kuijenga reli ile kutoka Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe 1902, Moshi 1911. Mwaka 1963 kipande cha Mnyusi–Ruvu kikaiunganisha na Reli ya Kati, ndiyo maana treni ya Dar inapita hapo. Baadaye injini za mvuke zikaipisha dizeli.

Pembeni yangu alikaa mzee kutoka Handeni. Baada ya shikamoo nikamtania kwamba Handeni mjini reli haijawahi kufika.

"Ilifika, mjukuu wangu. Ila haikuwa na injini. Babu yangu aliisukuma."

Nilidhani ananitania na yeye. Nilipofuatilia nikakuta ni kweli: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitandika kireli chembamba kutoka Mombo hadi Handeni, na vitoroli vyake vilisukumwa kwa nguvu za watu. Waingereza wakaingia Handeni Juni 1916. Shuleni nilifundishwa reli ya Tanga. Hii ya kusukuma, hata sentensi moja sikusikia.

Usiku mnene dizeli ikaanza kuunguruma kwa mbali, kisha honi, kisha taa. Mzee akabeba kiroba chake, akapanda behewa la daraja la tatu.