Taa za Noeli chini ya Rwenzori

Asubuhi ya Desemba, mawingu yakikubali kuachia, mtu aliyesimama Mutwanga, mashariki mwa Kongo, huiona theluji. Iko juu kabisa, kwenye vilele vya Rwenzori, ambako Margherita hufikia mita 5,109. Huku chini migomba, kakao na michikichi imetulia katika joto lake. Wakonzo, ndugu wa Wanande, waliupa mlima jina la theluji hiyo: Rwenzururu. Hiyo ndiyo baridi kali pekee inayojulikana hapa, nayo haishuki mlimani.

Kwa hiyo taa za Noeli zilipofika sehemu hizi za Beni, zilifika bila sababu iliyozizaa. London, jua la katikati ya Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, na watu wa huko hutundika taa barabarani ili wasichoshwe na usiku mrefu. Mutwanga iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mchana wake una saa kumi na mbili hivi, uwe mwezi wa kwanza au wa kumi na mbili, na hakuna msimu wa giza wa kufukuzwa kwa taa. Lililokuwapo ni giza la kila siku, la nyumba zisizo na umeme.

Desturi yenyewe si ya kale sana. Tarehe 8 Desemba 1852, mjini Lyon, Ufaransa, sanamu ya Bikira Maria ilikuwa ikizinduliwa juu ya kilima cha Fourvière. Dhoruba ikatishia kuharibu sherehe, kisha anga likatakata, na wakazi wakaweka mishumaa madirishani mtaa baada ya mtaa. Mpaka leo Lyon huwasha taa kila Desemba, na wageni humiminika kutoka nchi nyingi kuja kuzitazama. Mwaka 1879 Blackpool, mji wa pwani wa Uingereza, ukawasha taa nane za umeme kando ya bahari, na umati ukaja kushangaa. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliuzungushia mti wa Krismasi nyumbani kwake New York balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Inafaa kukumbuka kwamba Johnson alikuwa katika biashara ya umeme. Mti ule ulikuwa pambo la sikukuu na tangazo la biashara kwa pamoja.

Afrika Mashariki haikuchelewa sana. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, mjini Zanzibar mwaka 1883, na ndilo jengo la kwanza visiwani humo kupata taa za umeme. Jina lenyewe linaeleza jinsi watu walivyozipokea. Lakini kutoka ufuo wa Zanzibar hadi miguuni mwa Rwenzori, balbu ilisafiri polepole zaidi kuliko mishumaa ya wamisionari.

Mapadre Waasumpsionisti waliingia eneo la Beni mwaka 1929. Misheni yao ikakua ikawa vikariati mwaka 1938, kisha jimbo mwaka 1959, na mwaka 1967 jimbo likapewa jina linalotumika hadi leo, Butembo-Beni. Noeli iliingia nao, pamoja na hori, mkesha na misa ya usiku. Taa ilikuwa mshumaa wa altareni, na kwa mwenye uwezo karabai, ile taa ya kupampu inayovuma kama nyuki na kutoa mwanga mweupe unaoumiza macho. Nyumbani kulikuwa na kibatari. Pambo halisi la sikukuu katika nchi yenye michikichi ni makuti yaliyopindwa kuwa upinde mlangoni, na pambo hilo huonekana vizuri zaidi mchana.

Kisha serikali nayo ikaingilia. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikuwa amekwisha kupiga marufuku majina ya Kikristo, na mwaka 1974 akaiondoa 25 Desemba katika sikukuu za taifa la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Waumini waliendelea kusali, ila siku yenyewe ikawa ya kazi. Kama ni kuhamisha Noeli, Wakimbangu, waumini wa kanisa lililozaliwa Kongo, walifanya hivyo kwa hiari yao: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wao huadhimisha kuzaliwa kwa Yesu tarehe 25 Mei. Wakongo, inaonekana, hawajawahi kuamini sana kwamba Noeli ni lazima iwe ya majira ya baridi.

Mjini Butembo, ambako wafanyabiashara wa Kinande wamejenga maghorofa kwa fedha zao wenyewe, umeme wa umma ulikosekana kwa miongo mingi huku idadi ya wakazi ikipanda hadi mamia ya maelfu. Mwenye duka alinunua jenereta. Kwa hiyo katika siku za kuelekea Noeli na Bonane, kama wanavyouita Mwaka Mpya huko, kila uzi wa taa za rangi uliomulika juu ya mlango ulikuwa na jenereta inayonguruma uani na mtu anayehesabu lita za mafuta. Pambo la namna hiyo huzimwa mapema. Paneli za jua zilipoanza kushuka bei ndipo hata nyumba za kawaida zikaweza kuacha taa ikiwaka hadi usiku wa manane bila kelele.

Mutwanga ilipata njia yake ya umeme mwaka 2013, miaka 130 baada ya Jumba la Maajabu. Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na yenye kituo cha Mutsora jirani kabisa na Mutwanga, ilijenga hapo mtambo wake wa kwanza wa umeme wa maji, wenye takriban kilowati 400. Kazi yake ni rahisi kueleza: maji ya mto Butahu yanayoporomoka kutoka Rwenzori hukingwa juu, huteremshwa kwa bomba, huzungusha mtambo, kisha hurudishwa mtoni. Baadaye ukaja mtambo wa pili Mutwanga, wa megawati 1.4. Desemba 2015 Virunga ikazindua Matebe, Rutshuru, wenye zaidi ya megawati 13, na Luviro, Lubero, ukafuata.

Kilowati 400 ni kiasi gani? Zinatosha kuwasha balbu 40,000 za wati kumi kwa wakati mmoja. Sasa tazama mti wa Krismasi wa Rockefeller Center, New York, ulioanzishwa na wafanyakazi wa ujenzi mwaka 1931. Kabla taa zake hazijabadilishwa kuwa za LED mwaka 2007, mti huo mmoja ulikula takriban saa-kilowati 3,500 kwa siku. Hiyo ni wastani wa kilowati 146 usiku na mchana, yaani zaidi ya theluthi ya mtambo wa kwanza wa Mutwanga. Taa za LED zilishusha matumizi hadi saa-kilowati 1,300 hivi. Hata hivyo, ni mti mmoja tu.

Ndiyo maana si ajabu kwamba Mutwanga umeme haukuanza kwa mapambo. Ulikwenda kwenye nyumba, maduka na mashine za kusaga, na ukavuta viwanda. Kiwanda cha sabuni kikaanza kutumia mafuta ya mawese ya wakulima wa hapo, na baadaye kikaja kiwanda kidogo cha chokoleti. Kakao ya Beni kwa miaka mingi ilitoka ikiwa mbegu tupu na kurudi, kama ilirudi, ikiwa pipi ya bei ya Ulaya. Kwa mwandishi huyu, chokoleti iliyotengenezwa Mutwanga kwa umeme wa Butahu ni taa ya Noeli nzuri kuliko nyuzi zote za rangi zinazouzwa Butembo, ingawa watoto wa hapo huenda wasikubaliane naye.

Kuna jambo jingine ambalo balbu haiwezi kulitatua. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na kundi la waasi la ADF yameifanya nchi ya Beni iogope usiku, na sekta ya Rwenzori, yenye Mutwanga ndani yake, haikuachwa. Mkesha unahitaji watu watembee gizani kwenda na kurudi kanisani, na matembezi hayo ndiyo yaliyokuwa hatari. Mei 2021 mkoa wa Kivu Kaskazini, ilimo Beni, na ule wa Ituri ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, mlipuaji wa kujitoa mhanga alijilipua katika mgahawa wa In Box mjini Beni, watu wakiwa wamekusanyika kusherehekea. Waliokufa hawakupungua sita. Mamlaka zikatangaza amri ya kutotoka nje jioni, na sikukuu ikaishia ndani ya nyumba.

Baada ya hapo, taa iliyowashwa nje ya nyumba ilipata maana ambayo Blackpool haikuijua. Kwenye mtaa wenye mwanga mtu humwona anayekuja.

Na ile theluji? Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, alipopanda na kupima vilele, barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuenea kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 haikufika hata moja. Mitambo ya Mutwanga haitazimika kwa sababu hiyo, kwa kuwa Butahu hupata maji yake hasa kwa mvua. Lakini anayetaka kuiona baridi ya Mutwanga kwa macho yake na aamke mapema, Desemba, kabla mawingu hayajafunga.