Mbinu ya kubadili dimensheni katika fizikia: faida na mipaka yake

Msikilizaji, unaposhusha wavu ziwani, jirani na hapa Buswelu, macho ya wavu ndiyo yanayoamua samaki yupi anase na yupi apite. Wanafizikia wa chembe ndogo nao walizoea hila kama hiyo.

Tatizo lao ni hili. Ukitaka kukokotoa uzito wa elektroni pamoja na umeme unaoizunguka, lazima ujumlishe michango ya nishati zote, hata zile kubwa mno. Jumla hiyo haina mwisho. Njia ya zamani ilikuwa kuweka kikomo: nishati ikizidi hapo, haihesabiwi. Lakini kikomo cha namna hiyo huweza kuvuruga ulinganifu ambao nadharia yenyewe inautegemea.

Mwaka 1972 Gerard 't Hooft na Martinus Veltman wa Uholanzi, na kwa upande wao Bollini na Giambiagi wa Argentina, walitoa njia nyingine. Ulimwengu tunaouona una dimensheni 4: urefu, upana, kimo na wakati. Wao walipiga hesabu kwa 4 kutoa kiasi kidogo, mfano 3.99. Hapo jumla inapata mwisho, na sehemu korofi inajitenga: ni 1 kugawanya kwa kile kiasi kidogo. Kikiwa 0.01 unapata 100, kikiwa 0.001 unapata 1,000. Sehemu hiyo huunganishwa na uzito na chaji vinavyopimwa maabara, kisha hesabu hurudishwa kwenye 4.

Faida yake kubwa ni kwamba ulinganifu haupotei. Hesabu za aina hii zilisaidia kukadiria uzito wa kwaki iitwayo top kabla haijagunduliwa Fermilab, Marekani, mwaka 1995. Mwaka 1999 't Hooft na Veltman walipata Tuzo ya Nobel.

Mipaka ipo mitatu:

1. Nguvu dhaifu ya nyuklia hutofautisha chembe za mkono wa kushoto na za kulia. Tofauti hiyo haieleweki vizuri nje ya dimensheni 4, kwa hiyo inahitaji uangalifu.

2. Mbinu hii haioneshi wazi jinsi chembe nzito tusizozijua zinavyoweza kuvuta uzito wa Higgs.

3. Inafaa pale nguvu ikiwa ndogo. Kwaki ndani ya protoni zimeshikana mno. Huko hutumika kompyuta na nafasi iliyogawanywa vipande, njia aliyoileta Kenneth Wilson mwaka 1974. Hapo tunarudi kwenye macho ya wavu.

Tukumbuke pia kwamba hakuna mahali penye dimensheni 3.99. Hicho ni chombo cha hesabu tu. Kinachopimwa maabara ni jibu la mwisho.