Mfalme Aliyekubali Kukanyagwa Kichwa

Wakenya wengi tukisikia sikukuu ya Wahindu tunafikiria Diwali: taa, fataki, na duka la mtaani kufungwa mapema. Ninayoipenda mimi inaitwa Onam. Ni ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, ukanda wa minazi na mvua nyingi. Ni sikukuu ya mavuno, lakini mgeni anayengojewa siku hiyo ni mfalme aliyeshindwa.

Mahabali alikuwa asura, yaani wa ule ukoo unaopigana na miungu kila kukicha. Wengine hutafsiri asura kama shetani, na hapo hadithi inaharibika kabisa. Babu yake, Prahlada, alikuwa mcha Vishnu wa kupigiwa mfano. Mahabali mwenyewe alitawala vizuri mpaka miungu ikaanza kukosa usingizi, maana alikuwa ameshika dunia na mbingu. Basi Vishnu akaja kwake kama Vamana, kijana Mbrahmini mfupi, akaomba ardhi ya hatua tatu tu. Mwalimu wa mfalme, Shukra, akamwonya: huyu si mtoto, usitoe neno lako. Mahabali akakataa kurudi nyuma. Vamana akakua. Hatua ya kwanza ikafunika dunia, ya pili ikamaliza mbingu, ya tatu ikakosa pa kukanyaga. Mfalme akainamisha kichwa chake: kanyaga hapa.

Akashushwa chini ya ardhi. Watu wa Kerala wanasema aliomba jambo moja, arudi mara moja kwa mwaka kuwaona raia wake, na akakubaliwa. Onam ndiyo ziara yenyewe.

Waumini wengi wanasoma hapo somo la kiburi: kichwa ndicho kiti cha "mimi", na mtu anaweza kutoa kila kitu akabaki bado amejishikilia mwenyewe. Nakubali, lakini mimi hunasa kwingine. Katika Bhagavata Purana, Vishnu baada ya kushinda anakwenda kuwa bawabu mlangoni kwa Mahabali. Aliyeshinda analinda lango la aliyeshindwa! Kitabu hichohicho kinaweka kisa kizima ukingoni mwa mto Narmada, mahali panapotambuliwa kuwa Bharuch ya leo, huko Gujarati walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Kenya. Kutoka hapo hadi Kerala ni safari ndefu kweli. Wakulima wa kusini walimchukua mfalme wa wengine wakamfanya wao.

Kwa nini? Angalia kalenda. Mwezi wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ni wa mvua kubwa. Zamani kazi ya shamba ilisimama, ghala likabaki vumbi, watu wakauita mwezi wa umaskini. Yeyote aliyekulia mahali panapongoja mahindi yakomae anajua miezi ya namna hiyo. Kisha unaingia Chingam, mvua inapungua, mpunga unavunwa. Hadithi ya enzi ambapo hakuna aliyelala njaa wala aliyedanganywa kwenye mizani inaingia vizuri sana tumboni mwa mtu aliyetoka Karkidakam.

Siku ya kwanza, Atham, familia hutandaza maua uani, duara dogo tu. Kila siku linaongezwa, mpaka siku ya kumi, Thiruvonam, linakuwa zulia. Siku hiyo watu huvaa nguo mpya na kula sadya: wali na mboga za kila aina juu ya jani la mgomba, kisha payasam tamu. Methali ya huko inasema hata ikibidi kuuza mali, mlo wa Onam uliwe. Wakristo na Waislamu wa Kerala nao husherehekea.

Ila usidhani ilikuwa meza moja tangu zamani. Mpangaji alimpelekea mwenye ardhi ndizi bora kabisa kama zawadi ya Onam, naye akapewa kipande cha nguo. Watu wa tabaka za chini waliimba habari za mfalme aliyewaona wote sawa, huku milango ya mahekalu imefungwa mbele yao. Travancore ilifungua yake mwaka 1936 tu. Sahodaran Ayyappan, aliyeandaa mlo wa pamoja wa matabaka kule Cherai mwaka 1917 na kutukanwa kwa hilo, aliuandika upya wimbo wa Mahabali ukawa shtaka dhidi ya ubaguzi. Kule Maharashtra, Jyotirao Phule alikwisha kumtetea Bali mwaka 1873 kama mfalme wa wakulima aliyeporwa na Wabrahmini.

Ugomvi huo haujaisha. Mwaka 2016 Amit Shah, kiongozi wa chama tawala cha India, alitoa salamu za kuzaliwa kwa Vamana mkesha wa Onam. Kerala ikawaka, na waziri mkuu wa jimbo, Pinarayi Vijayan, akamtaka aombe radhi. Cha ajabu, hekalu la Thrikkakara karibu na Kochi, ambalo ni kitovu cha Onam, ni la Vamana. Watu wanamwabudu aliyekanyaga na kumngojea aliyekanyagwa, na sioni kwa nini walazimishwe kuchagua.

Mavuno yenyewe ndiyo yamekonda. Katikati ya miaka ya 1970 Kerala ililima mpunga kwenye hekta kama 880,000. Siku hizi ni kama 200,000. Vijana wengi wako Dubai na Muscat, ambako jani la mgomba hufika kwa ndege. Agosti 2018 mafuriko yaliua mamia siku chache kabla ya Thiruvonam, serikali ya jimbo ikafuta sherehe zake na kupeleka pesa kwa waathiriwa. Na maua mengi ya zulia siku hizi hununuliwa sokoni, yameshushwa kutoka malori ya Tamil Nadu.